Sauti Inayoitikiwa: Juu ya Kugeuza Hadithi Kuu ya Sayansi kuwa Mchezo wa Redio

Hadithi iliyoandikwa ili isomwe kwa macho huwa mgeni katika nyumba ya sikio. Macho yaweza kurudi nyuma, kusoma tena ukurasa uliosahauliwa, na kusimama penye tarakimu ili kuipima. Sikio halina ruhusa hiyo. Neno likishapita limepita. Kwa sababu hiyo kazi ya kugeuza riwaya kuwa mchezo wa redio si kazi ya kukata na kupunguza tu, kama wengi wadhanivyo. Ni kazi ya kutafuta ndani ya riwaya kitu kile ambacho sikio laweza kukishika, na kukifanya kuwa nguzo ya jengo zima. Akosaye nguzo hiyo aweza kupata maneno yote ya mwandishi, asiipate hadithi yake.

Katika hadithi za sayansi, mtihani mkubwa wa kazi hiyo ni Foundation ya Isaac Asimov. Ilianza kuchapwa vipande vipande katika jarida la Marekani liitwalo Astounding Science-Fiction tangu mwaka 1942 hata mwaka 1950, kisha ikakusanywa katika vitabu vitatu, mwaka 1951, 1952 na 1953. Kisa chake kwa ufupi ni hiki. Dola yenye sayari zikaliwazo na watu zipatazo milioni 25 inakaribia kuanguka, na wakubwa wake hawataki kusikia. Hari Seldon, mtaalamu ajuaye kukadiria kwa hesabu mwenendo wa umati wa watu, aona kwamba giza litakalofuata anguko hilo litadumu miaka 30,000. Kulizuia haiwezekani; kulifupisha kwawezekana. Basi aweka kundi dogo la wataalamu pembezoni mwa Dola, katika sayari ya Terminus, ili giza lile liwe la miaka 1,000 tu. Mwaka 1973 Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, liligeuza vitabu hivyo kuwa mchezo wa redio wa sehemu 8, kila sehemu yapata saa nzima. Patrick Tull aliandika sehemu nne za mwanzo, Mike Stott akaandika nne za mwisho, na David Cain akauongoza.

Mchezo huo ulitungwa kwa wasikilizaji wa Uingereza, lakini uzito wa kazi ya sanaa hujulikana vema ipelekwapo ugenini. Yafaa basi kuuliza: hadithi hii ingesikika vipi, kwa Kiswahili, masikioni mwa watu wa Bulyanhulu? Swali hili si la mzaha, wala mahali hapo hapakuchaguliwa kwa bahati. Bulyanhulu imo katika Wilaya ya Kahama, Mkoa wa Shinyanga, katika ukanda wa dhahabu unaoelekea Geita. Ni nchi ya Wasukuma na Wasumbwa, na ya wageni wengi waliovutwa na dhahabu kutoka kila upande wa Tanzania, ambao Kiswahili ndicho kiungo chao. Mgodi wake mkubwa, ulioanza kutoa dhahabu mwaka 2001, unashuka chini ya ardhi zaidi ya mita 1,000. Kandokando ya migodi mikubwa ya ukanda huo wamo wachimbaji wadogo na maduara yao yaliyoegemezwa kwa matimba, na karasha zao zisagazo mawe.

Watu wa nchi hiyo hawahitaji kufundishwa maana ya kuinuka na kuanguka kwa neema. Geita ilikuwa na mgodi mkubwa tangu miaka ya 1930. Ukafungwa mwaka 1966, na dhahabu yake haikuchimbwa tena kwa ukubwa ule hata mgodi mpya ulipofunguliwa mwaka 2000. Mgodi wa Buzwagi, karibu na mji wa Kahama, ulianza kazi mwaka 2009, na mwaka 2021 uchimbaji ulikuwa umekwisha. Katika Bulyanhulu yenyewe kazi ya chini ya ardhi ilisimama mwishoni mwa mwaka 2017, ikaanza tena mwaka 2020. Kwa msikilizaji wa huko, swali la Seldon, yaani ni kitu gani kitabaki utajiri huu utakapokwisha, na ni nani aliyekiweka akiba, halitoki katika nyota za mbali. Ni swali la mwenye duka, la mpangishaji wa vyumba, la mzazi mwenye watoto shuleni. Tena kuna jambo la ajabu: Terminus ni sayari isiyo na madini. Watu wake, kwa kukosa chuma na shaba, hulazimika kuponea elimu na werevu. Anayeisikiliza hadithi hiyo akiwa juu ya mwamba wa dhahabu ataisikia kama kitendawili kilichogeuzwa chini juu.

Maudhui basi hayana ugeni mkubwa. Ugumu umo katika namna ya kusimulia, na hapo ndipo mchezo wa mwaka 1973 unapostahili kuhukumiwa.

Kwa upande mmoja Foundation yaelekea redio kwa tabia yake yenyewe. Vita vyake vingi hutokea nje ya jukwaa. Mambo makubwa huamuliwa na watu wawili watatu waliokaa chumbani wakizungumza. Yamkini ndiyo iliyowavuta watu wa BBC. Lakini mazungumzo peke yake si mchezo. Asimov hujenga ukubwa wa Dola kwa hesabu: sayari milioni 25, mji mkuu wa Trantor wenye watu zaidi ya bilioni 40, miaka 30,000 ya giza. Katika kitabu tarakimu hizo zina fahari yake. Zikisemwa kwa sauti huwa upepo. Sikio halihesabu. Ukimwambia msikilizaji milioni 25, kisha ukamwambia bilioni 40, hakuongezeka kitu moyoni mwake. Amesikia tu kwamba ni nyingi, kisha kwamba ni nyingi tena. Kadhalika na miaka: vitabu vitatu huenda kwa karibu miaka 400, na kila mara msikilizaji anapoanza kuizoea sauti ya mtu, mtu yule amekufa na vitukuu vyake wanasema. Waigizaji wa BBC ni mahiri, na sauti za mitambo ni za kuvutia kwa wakati wake. Walakini sehemu nne za mwanzo zafanana na baraza moja baada ya baraza, wanaume wenye hoja wakiwashinda wanaume wenye hoja hafifu. Waandishi walikuwa waaminifu kwa maneno ya kitabu, na uaminifu huo ukawafunga mikono.

Je, hadithi kubwa yaweza kupimwa kwa njia gani pasipo tarakimu? Jibu halihitaji kusafirishwa kutoka London, kwa kuwa Wasukuma wanalo katika ngano yao kuu ya Masala Kulangwa. Husimuliwa kwa namna nyingi, lakini kiini chake ni kimoja. Zimwi Shing'weng'we limemeza watu wote na mifugo yao. Amesalia mwanamke mmoja mja mzito aliyejificha. Azaa mtoto mwanamume. Mtoto akua, auliza watu wengine wako wapi, na mama amweleza. Basi kijana aenda porini, aua panzi, arudi akimwita mama yake kwa mbali kwamba ameliua zimwi. Mama amjibu kwamba silo. Siku nyingine aua ndege, aita vilevile, silo. Aua mnyama wa mwituni; silo. Hata siku akakutana na zimwi lenyewe, akaliua, akalipasua, na watu wakatoka na ng'ombe wao.

Tazama jinsi ngano hiyo inavyopima. Hakuna aliyesema zimwi lilikuwa na urefu wa hatua ngapi, wala lilimeza watu wangapi. Ukubwa wake umejengwa kwa sauti mbili: ya kijana aitaye toka mbali kwa furaha, na ya mama ajibuye toka karibu kwa utulivu. Kila mama anapokataa, zimwi huongezeka. Panzi, ndege, mnyama: ngazi tatu tu, na msikilizaji amekwisha kulihofu jambo ambalo hajaelezwa. Huo ni ufundi kamili wa redio, uliokuwapo kabla ya redio. Umbali na ukaribu wa sauti, ambao fundi wa studio huupata kwa kumweka mwigizaji mbali au karibu na maikrofoni, mtambaji wa Kisukuma aliupata kwa koo lake. Na katika furaha ya ukombozi ngano haikusahau jambo dogo: kisu cha kijana kilimkata sikio bibi kizee mmoja tumboni mle, naye akatoka amekasirika, hata ikabidi atibiwe. Kati ya umati wote uliookolewa, sauti moja yenye kulalamika yatosha kumthibitishia msikilizaji kwamba hao ni watu.

Kanuni yaweza kutolewa hapo: katika hadithi ya kusikiwa, sauti hupata uzito kwa kuitikiwa. Kila mtoto aliyelelewa katika Kiswahili aijua kanuni hiyo pasipo kufundishwa, kwa sababu mtambaji asemapo paukwa hangoji kimya, angoja pakawa. Asipoitikiwa haanzi. Kwa hiyo mwenye kugeuza hadithi kuu ya sayansi hana haja ya kuuliza kwanza atafanyaje mlio wa chombo cha angani. Aulize: katika hadithi hii, ni nani aitaye, na ni nani aitikaye?

Foundation ikipimwa kwa swali hilo yaonyesha mahali pake pa nguvu na mahali pake pa udhaifu. Mahali pa nguvu kuliko pote ni kile chumba cha Terminus ambamo sura ya Seldon, aliyekwisha kufa zamani, hutokea kila ifikapo shida kuu na kusema maneno aliyoyahifadhi. Mara ya kwanza, baada ya miaka 50, awaambia wataalamu kwamba ensaiklopidia waliyoitumikia maisha yao ilikuwa hila ya kuwakusanya mahali pamoja tu. Hawawezi kumjibu. Wamejifunza kwamba wamedanganywa na mtu ambaye hawezi hata kuulizwa. Baadaye, Mule anaposhambulia, viongozi wakusanyika tena kumngoja mzee. Sauti yatokea, yaanza kueleza kwa utulivu wote juu ya vita vingine, ugomvi wa wenyewe kwa wenyewe ambao haukutokea. Seldon hakumkadiria Mule. Aendelea kusema, na kila neno lake ni sahihi kwa ulimwengu ambao haupo. Katika kitabu jambo hilo ni mshangao. Katika redio ni hofu tupu, kwani redio yenyewe ndiyo sauti ya mtu asiyekuwapo ambaye hawezi kusikia anayemsikiliza. Chombo na hadithi vimekutana. Mchezo mzima ungaliweza kujengwa juu ya chumba hicho.

Mahali pengine ni kisa cha Mule, ambacho katika mchezo wa BBC chashika sehemu ya tano na zile zinazoifuata. Mule ana uwezo wa kugeuza mapenzi na chuki za watu, naye amejificha katika umbo la mchekeshaji dhaifu, Magnifico. Macho yangaliweza kumtambua mapema; sikio hulishwa sauti ya kuhurumiwa, likahurumia. Anayemtambua mwishowe ni Bayta, mwanamke ambaye Mule hakumgeuza moyo, kwa sababu alimpenda kwa hiari yake pasipo kulazimishwa. Kwa kuwa moyo wake ni wake, akili yake pia ni yake. Mama yake Masala Kulangwa asema mara nyingi kwamba silo. Bayta, wakati wengine wote wanatazama kwingine, ajua kwamba ndiye huyu. Wote wawili wafanya kazi moja: ni sauti ya kupima ambayo kwayo msikilizaji hujua ukubwa wa adui. Mchezo wa Kiswahili ungepaswa kumpa Bayta nafasi hiyo mapema, na kutafuta katika kila zama mtu wa namna yake, awe mke, mjukuu au mtumishi, abakiye chumbani wenye hoja wakishaondoka, na ambaye kwa jibu lake fupi msikilizaji hupima kilichotokea. Asimov hakumwandika mtu huyo katika kitabu cha kwanza, ambacho karibu wasemaji wake wote ni wanaume. Kumwongeza si kuuharibu urithi wake. Ni kuupa masikio.

Hapa lazima litajwe jaribu moja ambalo waandishi wa redio huliangukia. Tarehe 30 Oktoba 1938 Orson Welles na wenzake wa Mercury Theatre walitangaza nchini Marekani mchezo uliotokana na The War of the Worlds, riwaya ya H. G. Wells ya mwaka 1898. Howard Koch aliuhamisha uvamizi kutoka Uingereza hata Grover's Mill, katika New Jersey, akauvika mavazi ya taarifa ya habari. Watafiti wa siku hizi waona kwamba magazeti yaliikuza mno fadhaa ya usiku ule. Lakini huko Quito, nchini Ecuador, mwezi Februari 1949, mchezo wa namna hiyo hiyo uliwakasirisha watu hata wakaichoma moto nyumba ya redio, na roho zikapotea. Mwandishi mwepesi angeweza kuona kwamba njia ya kuileta hadithi karibu na watu wa Bulyanhulu ni hiyo: kuitia katika taarifa ya habari, kuutaja mgodi wao kwa jina, kutangaza kwamba jambo la kutisha limetokea chini.

Njia hiyo haifai, na sababu yake yatoka katika nchi yenyewe. Mwezi Novemba 2015, katika machimbo ya Nyangalata, Wilaya ya Kahama, wachimbaji 5 walitolewa hai baada ya kukaa siku 41 chini ya ardhi iliyoporomoka. Mwenzao wa sita alikufa. Na mwaka 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, na yaliyotokea siku zile yangali yakibishaniwa. Kwa watu hao sauti gizani si tamathali ya mshairi. Kuwachezea kwa taarifa ya uongo ni kuitumia redio dhidi ya wale waiaminio. Heshima iliyopo ni kuiacha hadithi mbali, nyotani, na kumwachia msikilizaji achukue mwenyewe kilicho chake. Atakichukua. Mtu ambaye amewahi kusimama mdomoni mwa duara akiita jina la nduguye hana haja ya kuelezwa chumba cha Seldon kina maana gani.

Wengine watauliza: kuna faida gani? Michezo ya redio ya Kiswahili imejipatia sifa kwa kufundisha. Twende na Wakati, iliyoanza kutangazwa na Redio Tanzania Dar es Salaam mwezi Julai 1993, ilizungumzia uzazi wa mpango na UKIMWI, na watafiti waliweza kuonyesha athari yake kwa kuulinganisha mkoa wa Dodoma, ambao haukurushiwa mchezo huo hata mwaka 1995, na mikoa mingine. Hiyo ni kazi njema, na hapana haja ya kuidharau. Lakini yafaa kukumbuka kilichowashika wasikilizaji. Hawakurudi kila wiki kwa ajili ya fundisho. Walirudi kwa ajili ya Mkwaju, dereva wa lori mpenda wanawake, na mkewe Tunu. Walitaka kujua Tunu atamjibu nini safari hii. Fundisho lilipanda mgongoni mwa sauti mbili zinazoitikiana. Mtu akidhani kwamba redio yafaa kwa fundisho tu amemsahau punda akausifu mzigo. Tena ukanda wa dhahabu, unaozungumzwa kila siku kwa hesabu za wakia na asilimia za hisa, una haki ya kupata hadithi inayouliza juu ya miaka mia ijayo, si juu ya mwenendo wa leo peke yake.

Limebaki suala la lugha. Je, Kiswahili chaweza kuubeba mzigo huo? Swali hilo lilikwisha kujibiwa na Katama Mkangi wa Kenya katika riwaya yake Walenisi ya mwaka 1995, ambamo Dzombo, aliyehukumiwa kufa, arushwa katika chombo cha angani, ajifunza kukiongoza, na kutua katika nchi ambayo jina lake, likisikilizwa vema, ni sentensi nzima: wale ni sisi. Mkangi hakupanga maneno ya mitambo ili kuonyesha kwamba Kiswahili kina sayansi. Alitunga jina ambalo jicho huliona kama la kigeni, na sikio hulitambua kuwa la nyumbani. Mwenye kugeuza Foundation na ajifunze hapo. Jina la hadithi lisiwe Asasi wala Taasisi, maneno yanukayo ofisi. Liwe Msingi, neno ambalo fundi mwashi na mchimbaji hulijua, kwani wote wawili wafahamu hasara ya kujenga juu ya ardhi iliyochimbwa chini. Na ile ensaiklopidia ambayo vifungu vyake hufungulia visa katika kitabu iondolewe, mahali pake pawekwe mtambaji mwenye kuitikiwa na kijana mmoja. Zama zikipita, kijana awe ndiye mtambaji, aitikiwe na mwingine. Kwa njia hiyo miaka 400 haitasomwa kwa tarakimu; itasikika katika sauti changa inayozeeka, na nyingine changa inayoipokea.

Mchezo wa mwaka 1973 utabaki kuwa kazi ya kusomwa na kusikilizwa na kila mwanafunzi wa fani hii, kwa ushindi wake na kwa kasoro zake pia. Ulithibitisha kwamba hadithi ya ukubwa ule yaweza kupita katika mlango mwembamba wa redio. Haukuthibitisha bado kwamba yaweza kuingia na kuketi. Hilo limeachwa kwa waandishi wenye urithi wa ngano na wasikilizaji wazoefu wa kuitika, na wote wawili wanapatikana Kahama.